Injinia Wahome Hayupo

Kinoo,
9 Februari 2025

Kwako Senge Peres,

Najua barua kwa shangazi huanza kwa salamu, na mwalimu wangu wa Kiswahili angenikata alama, lakini nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapo hapo. Basi ngoja niseme kwanza. Injinia Wahome hayupo. Hajawahi kuwapo. Ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Baba, hata padri sijamwambia.

Sasa salamu. Sisi hapa ni wazima. Baba, kaka yako, anasema kitanda anachotengeneza huko Westlands ni kikubwa kuliko chumba chetu, na kwamba tajiri wake Kulwant amemsifu mara mbili wiki hii. Mama amechaguliwa kushona kanzu za kwaya. Matokeo yangu ya mtihani uliyasikia kabla hujaondoka. Nasubiri kuitwa chuo Septemba.

Ulipokwenda kuingia utawa uliniachia seva chini ya meza ya televisheni, pamoja na wapangaji wote wa ploti hii ya Mama Wanjira, mwenye nyumba wetu. Ulisema, "Joy, kazi ni kuangalia tu." Niliangalia vizuri, Senge. Nilikuwa naangalia Jumatano stima ilipopotea. Iliporudi, hakuna simu hata moja iliyoweza kuingia mtandaoni.

Hivi ndivyo nilivyoelewa, unisahihishe: rauta ya juu ya paa inapokea simu ya mpangaji, halafu inaiuliza seva yako, "Huyu namfahamu? Amelipa?" Seva ikikubali, mtu anaingia. Sasa rauta inasema seva haijibu, na seva inasema haijaulizwa kitu. Wako kama mume na mke waliokosana, na mimi niko katikati.

Saa hiyo hiyo Lazarus wa ghorofa ya pili, yule mzee wa kanisa, akaja kubisha. "Peres hayupo, sasa nani anashughulikia hii waifai?" Nilijificha bafuni. Unanijua. Mtu akinitazama nikiongea, maneno yote yanashuka tumboni. Mama akamwambia nimetoka, kwa sababu hata yeye hakujua nimo bafuni.

Nikiwa humo humo nilichukua ile simu yako ya zamani yenye laini ya wateja, nikawaandikia wote: "Wapendwa wateja, shikamooni. Tatizo limeonekana na linashughulikiwa. Wenu mwaminifu, Inj. Wahome." Nilichagua Wahome kwa sababu ni jina la kawaida hapa Kinoo, nikaona halitaulizwa maswali. Lazarus alijibu kwa dakika moja: "Asante sana Injinia. Afadhali tumepata mtu mzima."

Senge, seva bado haijibu. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Joyline


Nyumba ya Malezi, karibu na Kimilili,
27 Februari 2025

Joy wangu,

Barua yako imenikuta nikipalilia maharagwe na mikono ikiwa imekufa kwa baridi ya mlimani. Mwambie kaka yangu aache kuhesabu sifa za Kulwant, aanze kuhesabu misumari anayoiacha sakafuni. Mwambie mama yako Selpher kanzu za kwaya zisibane makwapani, watu huinua mikono.

Hapa hatuna simu kwa mwaka mzima wa malezi, hilo unalijua. Jambo ambalo labda hulijui ni kwamba Sista Jacklyne, mlezi wetu, husoma kila barua inayoingia na inayotoka. Kwa hiyo msalimie.

Kuhusu Wahome, sitasema neno. Uongo ni uongo, hata ukiwa na shahada ya uinjinia.

Kuhusu seva, naweza kusema, maana kusaidia jirani si dhambi. Ikinyamaza, usiizime na kuiwasha kama redio. Simamisha huduma yake, kisha iwashe kwa mkono ukiandika:

freeradius -X

Hapo itaanza kukuambia kila kitu inachofanya, kwa sauti, kama mgonjwa aliyeulizwa pa kuumia. Mwombe mtu ajaribu kuingia mtandaoni huku ukisoma. Na usikimbilie mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ni kilio tu. Soma kutoka juu mpaka ufike mahali mambo yalipoanza kwenda kombo.

Ninavyoshuku, stima iliporudi rauta ilipewa anwani mpya. Seva ina faili la vifaa inavyovijua, na kifaa kisichokuwemo haikijibu kabisa, haikikatai wala haikikubali. Ukiona imeandika kwamba mteja, yaani rauta, hajulikani, ndiyo hiyo. Ipe rauta anwani isiyobadilika na uiandike kwenye lile faili. Lakini kabla ya kugusa faili lolote, linakili kwanza na jina lake liwe na tarehe. Nimelia mara nyingi katika kazi ile, na karibu mara zote nililia kwa kutonakili.

Yakikushinda kabisa, niambie. Naweza kuomba ruhusa nije mara moja.

Senge yako,
Peres

Imesomwa. Salamu zimepokelewa. Sr. Jacklyne


Kinoo,
23 Machi 2025

Kwako Senge Peres, na shikamoo Sista Jacklyne,

Baba hajambo, msumari ulimchoma yeye mwenyewe. Mama amemaliza kanzu na hazibani. Binamu Maxwell amehamisha kibanda chake cha viatu vya mitumba hadi karibu na lango la soko la Kangemi, na anasema sasa anauzia watu wanaoingia na wanaotoka.

Barua yako ilifika wakati tatizo limeshakwisha, ila si kwa njia nzuri. Siku ya tatu baada ya kukuandikia nilichoka kusikia mlango ukibishwa, nikaiambia rauta iache kabisa kuuliza seva. Yaani nilifungua mlango, kila mtu akaingia bure. Wahome akaandika kwamba ni zawadi kwa uvumilivu wao. Aya tatu, Senge: utangulizi, mwili na hitimisho.

Sasa Wahome anapendwa kuliko padri. Lazarus anataka awe mgeni wa heshima kwenye mchango wa kanisa. Emmah wa saluni ya chini alimwandikia, "Injinia, umeoa?" Nikajibu, "Nimeoa kazi," halafu nikakaa kitandani na mto usoni. Mama wa chumba cha kumi alileta chapati nne zimefungwa kwa kitambaa, "mpe Injinia akipita." Injinia alipita. Zilikuwa laini sana.

Lililo baya ni Mama. Kila siku: "Muone Wahome. Mtoto wa watu, anajibu kila mtu kwa adabu. Wewe mgeni akibisha unakimbilia bafuni. Hata kidogo tu usimuige?"

Ulipofika ushauri wako nilifanya kama ulivyosema. Niliandika ile amri, na kweli ilikuwa rauta haijulikani. Nikanakili faili, nikarekebisha, nikafunga mlango tena. Watu walilalamika siku moja wakalipa. Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu jikoni.

Lakini tatizo jipya likazuka. Kila Jumamosi jioni seva inakataa watu wote. Sasa haikai kimya, inakataa waziwazi. Nikaiwasha kwa ile amri tena, nikasoma kutoka juu, na nikaona kwamba kila mpangaji anakataliwa kwa sababu muda aliolipia "haujaanza". Nikatazama tarehe ya seva. Mwaka 2009! Kwake yeye hakuna aliyelipa kwa sababu hakuna aliyekuwa amehamia, na ploti yenyewe ilikuwa bado shamba la mahindi.

Nilikaa macho kumvizia mchawi. Ni Mama. Jumamosi jioni anachomoa seva ili achomeke pasi, anyooshe nguo za kanisa, halafu anairudisha taratibu kama mtu aliyeazima. Na seva ikikosa stima hata kidogo inasahau saa. Nilimwambia, "Mama, usichomoe hiyo." Akasema, "Na baba yako aende kanisani na mikunjo?" Nilimwambia mara tatu. Ya nne, Wahome alimwandikia: "Mama Joyline, shikamoo. Kwa heshima kubwa nakuomba usichomoe seva." Mama alisoma ujumbe akiwa amesimama. Akaja kwangu na pasi mkononi: "Unaona? Mtu akieleza vizuri, mimi nasikia."

Nilitaka kulia na kucheka. Nilienda bafuni nikafanya vyote.

Senge, ulijua kwamba saa ya ile kompyuta ni mbovu? Na hujaniambia hata mara moja kama unapapenda huko.

Mpwa wako,
Joyline


Nyumba ya Malezi, karibu na Kimilili,
15 Aprili 2025

Joy wangu,

Tuko katika Juma Kuu, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Maharagwe yamechanua. Novisi mmoja amerudi kwao kwa sababu ya mgongo. Mvua imekuwa nyingi.

Kuhusu saa: nilijua. Betri ndogo ya ndani ilikufa zamani, na kila stima ilipopotea nilikuwa nairekebisha saa kwa mkono, kwa mazoea, kama mtu anavyokung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Sikukumbuka kwamba wewe hujui. Nisamehe. Nunua betri, ile bapa kama sarafu. Kisha weka programu ya kulinganisha saa na mtandao, na katika skripti inayowasha huduma tia mstari huu kabla ya kitu kingine chochote:

while [ $(date +%Y) -lt 2025 ]; do sleep 5; done

Maana yake: maadamu mwaka ni wa zamani, subiri kidogo, uangalie tena. Wengine huandika tu "subiri dakika moja" halafu huendelea kwa matumaini. Usiwe na matumaini katika skripti. Uliza mpaka ujibiwe.

Na jambo lingine. Ukiandika skripti ya kufuta au kubadilisha vitu vingi kwa mkupuo, mara ya kwanza weka neno echo mbele ya amri yenyewe. Badala ya kutenda, itakuonyesha tu ilichotaka kutenda. Ukiridhika, liondoe.

Sista Jacklyne ameuliza, kwa njia ya mbali, kama yule Emmah aliendelea kuandika. Mimi sijui kwa nini anauliza.

Je, hakuna kitu kilichokushinda kabisa kabisa? Usione haya kusema. Naweza kuwa huko kwa siku moja.

Senge yako,
Peres

Imesomwa. "Nimeoa kazi" ni jibu zuri. Lakini chapati ungemgawia mama yako. Sr. Jacklyne


Kinoo,
18 Mei 2025

Kwako Senge Peres, na Sista Jacklyne shikamoo,

Emmah bado anaandika. Siku hizi anamwambia Wahome habari za mteja aliyekataa kulipia rasta, na mimi namshauri. Nafikiri amekuwa rafiki yangu, ila hajui. Tukikutana ngazini ananiambia tu, "Sasa, katoto," na mimi namwambia "Poa" nikiangalia viatu.

Betri nimeweka. Mstari nimeweka. Na echo imeniokoa, Senge, nisikilize. Niliandika skripti ya kuwaondoa wapangaji waliohama. Nikaweka echo kama ulivyosema, nikaiendesha, na badala ya majina matano yakatiririka majina ya ploti nzima. Kumbe orodha yangu ilikuwa na mstari mmoja mtupu, na kwa mstari mtupu skripti ilielewa "kila mtu". Nisingeweka echo ningemfuta hata Mama Wanjira mwenyewe. Nilikwenda kwanza kunywa maji.

Sasa jambo lenyewe, na ni baya. Wiki iliyopita alikuja mwanamume wa tai kutoka kampuni moja ya mtandao. Alimwambia Mama Wanjira kwamba wataweka waya mpya ploti nzima, na yeye hatafanya chochote isipokuwa kutia sahihi. Mama Wanjira akamwandikia Wahome: "Injinia, nimekuheshimu, lakini sijawahi kukuona. Ijumaa ya kwanza ya Juni uje dukani kwangu mjini tuzungumze uso kwa uso. Usipokuja, natia sahihi ya hawa watu."

Senge, sitaki kuficha kitu. Hii kazi ndiyo kitu pekee ninachofanya bila kuomba radhi. Nikiwa shuleni nilikuwa yule msichana wa nyuma ambaye walimu walisahau jina lake mpaka siku ya mtihani. Lakini ile seva ikinikatalia mimi huiuliza tena, na tena, na siogopi. Wakiichukua, sijui nitakuwa nani mpaka Septemba.

Nimepata mpango. Maxwell atakuwa Wahome. Ana mdomo, ana tai ya mitumba, na amekwisha kubali kwa sharti kwamba nimfungulie waifai ya bure milele. Nimemfundisha maneno sita: seva, rauta, anwani, hitilafu, betri na "tutalifanyia kazi". Anayasema kama anauza viatu, lakini anayasema.

Unaonaje? Andika haraka. Na Senge, nilikuuliza kama unapapenda huko, ukanijibu habari za maharagwe.

Mpwa wako,
Joyline


Nyumba ya Malezi, karibu na Kimilili,
2 Juni 2025

Joy,

Salamu kwa wote. Maharagwe tumevuna.

Usimpeleke Maxwell. Nasema tena, usimpeleke Maxwell. Mtoto huyo aliwahi kumuuzia baba yangu viatu viwili vya mguu wa kushoto na akamshawishi kwamba ndiyo mtindo.

Kama unaweza kuahirisha, ahirisha. Naweza kuja. Nimezungumza na Sista. Sanduku langu si zito, naweza kulifunga kwa muda wa kusali rozari. Nikija nitamweleza Mama Wanjira mwenyewe, nitakaa hapo mpaka mambo yatulie, hata mwaka, ikibidi. Huwezi kubeba kazi ile peke yako. Umri wako ni mdogo.

Niandikie tu "njoo".

Senge yako,
Peres

Imesomwa. Maxwell asiende. Mengine yaliyoandikwa hapo juu nimeyasoma pia, nami sisemi kitu. Sr. Jacklyne


Kinoo,
22 Juni 2025

Kwako Senge wangu mpendwa, na kwako Sista Jacklyne,

Hapa sote tu wazima. Baba amemaliza kile kitanda na wenyewe wamekikataa, hakipiti mlangoni. Mama ameanza kushona mapazia.

Barua yako ilifika Jumatatu iliyopita. Maxwell nilikuwa nimempeleka kabla ya hapo. Keti nikueleze.

Duka la Mama Wanjira liko Barabara ya Kirinyaga, katikati ya vipuri vya magari. Maxwell alivaa tai na koti la kijani la kung'aa ambalo watu wa barabarani huvaa ili wasigongwe. Nilimwambia hatupandi paa, akasema, "Wewe niachie mimi, hii ndiyo sare ya mainjinia." Mimi nilikwenda kama karani wake, nimebeba faili tupu.

Mama Wanjira alikuwa nyuma ya kaunta, miwani puani. Karatasi za kampuni zilikuwa mbele yake na kalamu juu. Akamtazama Maxwell kutoka tai hadi viatu, akatabasamu, akamsalimu kwa Kikuyu: "Wĩ mwega, Wahome?"

Senge, katika mambo yote niliyoyapanga, hilo sikulipanga. Nilichagua jina la Kikuyu nikampa mtoto wa Kimilili asiyejua hata salamu ya Kikuyu.

Maxwell akasema, "Amina."

Mama Wanjira akaendelea kwa Kikuyu, maneno mengi, kwa upole, kama anayeuliza habari za wazazi. Maxwell akatikisa kichwa, akashika koo. "Mama, samahani, sauti imekwama. Ni vumbi la seva."

"Pole sana. Basi tuongee Kiswahili. Nyumbani ni wapi?"

"Nyeri, mama."

"Nyeri sehemu gani?"

"Sehemu ya... katikati."

Vijana wa dukani waliacha kupanga vipuri. Mmoja, aliyeisikia lafudhi yake, akasema, "Katikati ya Nyeri na Bungoma, boss?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Maxwell hakushtuka hata kidogo, unamjua, akasema, "Hitilafu hiyo tutaifanyia kazi." Mama Wanjira hakucheka. Alivuta zile karatasi na kuchukua kalamu.

Nilizifunika karatasi kwa lile faili tupu. Nikasema, "Usitie sahihi."

Duka zima likageuka. Nikasema, "Huyu ni binamu yangu Maxwell. Anauza viatu Kangemi. Wahome hayupo. Ni mimi ninayeandika. Ni mimi ninayetengeneza. Shikamoo."

Mama Wanjira akaweka kalamu chini. "Kwamba Wahome hayupo nilijua. Injinia gani anaandika ujumbe wenye utangulizi na hitimisho? Injinia gani wa Nairobi ananiambia shikamoo? Nilijua ni mwanamke tena msomi. Lakini nilidhani ni Peres. Nikasema moyoni, watawa wa siku hizi! Anadanganya akiwa konventi!"

Nisamehe, Senge. Alikusema vibaya miezi mitatu kwa ajili yangu.

Akaniuliza, "Zile Jumamosi waifai ilikuwa inakufa, shida ilikuwa nini? Usinidanganye tena." Basi nikamweleza. Pasi ya Mama, betri, mwaka 2009, ploti ikiwa shamba la mahindi, ule mstari unaouliza mpaka ujibiwe, orodha yenye mstari mtupu iliyotaka kumfuta yeye mwenyewe. Nilieleza mpaka mteja aliyekuja kununua plagi akaegemea kaunta kusikiliza. Maxwell alikaa kwenye debe la mafuta akasema, "Kumbe ndiyo hivyo!" Sikumbuki nikitazama viatu vya mtu.

Nilipomaliza Mama Wanjira akasema, "Kumbe unaongea." Kisha akafunika kalamu yake, akasema, "Nitabaki na nyinyi. Lakini Wahome abaki pia."

"Abaki vipi?"

"Wapangaji wangu hawaniogopi mimi hata kwa kodi. Nimewaambia kuhusu takataka za ngazini mpaka nimechoka. Wahome aliwaambia wabadilishe nywila, wakabadilisha siku hiyo hiyo, hata yule Lazarus. Nataka Wahome awaandikie kuhusu takataka, na kuhusu geti kufungwa, na kuhusu wanaoanika nguo kwenye waya wa rauta."

Hapo, Senge, sijui niliipata wapi. Nikamwambia, "Wahome ataandika. Lakini mkataba uandikwe jina langu. Joyline Wesonga. Na nikienda chuo Septemba ubaki wangu, nitakuja kila wikendi."

Alinitazama juu ya miwani. Nilihesabu vipuri ukutani. Akamwambia kijana mmoja, "Lete karatasi safi." Za ile kampuni akazigeuza, na nyuma yake akaandika bei za breki.

Wahome ameandika kuhusu takataka mara moja tu. Asubuhi yake nilimkuta Lazarus akifagia ngazi akiwa na suti.

Sasa nakuja kwako, nami nitasema polepole maana nina woga. Kila barua umeniuliza kama kazi imenishinda. Mwanzo nilidhani unanihurumia. Halafu niliisoma ile ya mwisho kama ulivyonifundisha kusoma seva, kutoka juu. "Niandikie tu njoo." Senge, sitaandika "njoo" kwa sababu ya mtandao. Mtandao ni mzima. Ukitaka kurudi nyumbani, rudi kwa sababu unataka kurudi, na kitanda chako kipo, nimekilalia tu. Ukitaka kukaa, kaa. Lakini usiiwekee seva yangu mzigo huo.

Kama nimekosa adabu, unisamehe. Ni Wahome amenizoesha kusema.

Sista Jacklyne, najua utaisoma hii kabla yake, kwa hiyo mengine nakuandikia wewe. Tafadhali mpe Senge barua hii nzima, hata hapo nilipomsema. Na ukishampa, lile la Wahome libaki kwetu sisi watatu, pamoja na Mama Wanjira, Maxwell na vijana wa dukani, basi. Jana Mama alinunua kuku. Anasema atamwalika Injinia Wahome nyumbani chakula cha Jumapili ijayo, amwone kwa macho, maana ana binti mmoja mwenye haya sana ambaye angefaa kupata mtu mtulivu kama yeye. Nimemwambia Wahome ana safari ndefu. Amesema kuku atasubiri. Nakusihi Sista, ukimwona Mama siku ya wageni, usimwambie.

Wako mtiifu,
Joyline Wesonga